Mrejesho: begi la kujifungulia

Mama na dada zangu, nilipouliza niweke nini kwenye begi la kujifungulia, wengi mlisisitiza khanga. Asanteni sana! Nimejifungua salama, mtoto wa kike. Khanga kuukuu zilizofuliwa na kupigwa pasi ndizo zilizofanya kazi yote: kutandika, kumpokea mtoto, kumfunika, kujifunga mwenyewe. Mpira wa kutandika, glovu, pamba, vibanio vya kitovu na pedi kubwa niliviweka juu pamoja na kadi ya kliniki, nesi akavipata bila kupekua. Kofia na soksi za mtoto zisikosekane, hata Dar na joto lake, maana kichanga hupoteza joto haraka. Na chupa ya chai mjaze uji. Baada ya uchungu ule, jamani, uji ulinirudishia nguvu!