Mashimo 24 kwenye boti yangu ya alumini, holda imeng'oka na fimbo imekwenda na samaki, fundi ananiambia "bahari ndivyo ilivyo"

Asalaam aleikum wanajukwaa, na wengine wote hamjambo. Jambo hili nimekaa nalo wiki mbili nikijiambia nitulie kwanza ndipo niandike. Sijatulia. Naandika hivyo hivyo.

Nina boti ndogo ya alumini, mita 4.8, injini ya farasi 40, naiweka Tudor, hapa Mombasa. Ndiyo inayonilisha. Siku za kazi navua na mpwa wangu, wikendi nawatoa watu wanaopenda kuvua kwa fimbo. Mwezi wa nane kusi lilikuwa bado linavuma, boti iko nchi kavu, nikaona ndio wakati wa kufunga holda za fimbo, yaani vishikizi vya kusimamishia fimbo za kuvulia, ili kaskazi ikiingia tuwe tayari. Nikauliza watu, nikaelekezwa karakana moja hapa hapa mjini. Jina silitaji. Nikamkuta fundi ana boti tatu za faiba uani, kazi safi, rangi inang'aa. Nikamuuliza waziwazi, "Fundi, alumini umewahi kuishika?" Akanijibu, "Baba, boti ni boti. Hiyo kazi ya siku moja."

Holda sita, vifaa na ufundi, shilingi 21,000. Nusu nikamtumia kwa simu siku ile, nusu nilipokwenda kuchukua boti. Nne alizifunga juu ya ukingo wa pembeni kwa riveti, mbili zile za kuzamisha ndani ya bati akazitobolea tezi, yaani nyuma ya boti, moja kila pembe. Jumla mashimo 24. Nayajua kwa sababu nimeyahesabu usiku na mchana.

Wiki ya pili ya mwezi wa kumi na mbili tulikuwa nje ya mwamba upande wa Nyali. Alfajiri, maji yametulia, tunakokota chambo, mishipi miwili nyuma, mpwa wangu ameshika injini. Rili ya kulia ikalia. Mlio wa nguru akipiga mnaujua, unapasua masikio. Lakini haukuendelea. Nikasikia ta, ta, kama vifungo vya shati vinakatika, nikageuka, naiona holda inainama na fimbo imo ndani yake, ikapinduka ukingoni, ikazama. Fimbo, rili, mshipi wote, holda yenyewe. Mpwa wangu alirusha mkono akaikosa, na namshukuru Mungu aliikosa, kwa maana kitako cha holda ile kina kona kali kama kisu na kilikuwa kinavutwa na samaki. Angeipata, leo ningekuwa naandika habari ya vidole vyake.

Ukingoni yakabaki mashimo manne matupu, mawili yamechanika yamekuwa marefu kama tundu la kifungo.

Tuliporudi nikaanza kufungua moja moja. Hapo ndipo nilipojua nimefanyiwa nini.

Riveti ni za milimita 4, mashimo yametobolewa kwa keekee ya milimita 5. Yaani tangu siku ya kwanza riveti zilikuwa zinacheza kama jino bovu. Chini ya bati hakuna bamba la kushikilia, hakuna washa, hakuna chochote. Bati la ukingo wangu ni milimita 2. Riveti inafaa kuzuia bati lisiteleze juu ya bati lenzake. Ukiivuta kwenda juu inatoka, na holda ya fimbo kazi yake yote ni kuvutwa hivyo. Fanyeni hesabu pamoja nami. Breki ya rili niliiweka kilo 6. Fimbo ilikuwa imetoka nje ya holda sentimita 140 hivi. Riveti za mbele na za nyuma zimeachana sentimita 7. Sita mara 140, gawanya kwa 7, ni kilo 120 zinazong'oa upande mmoja wa kile kitako. Ondoa kidogo kwa sababu fimbo inapinda, halafu ongeza ule mshtuko wa samaki anapopiga na boti inakwenda mbele. Nani ameona riveti mbili nyembamba, kwenye mashimo mapana, zikihimili hilo? Mtu anayefunga holda kwa pesa za watu hakuipiga hesabu hii hata kichwani?

Nikahamia tezi. Zile mbili za kuzamisha amezifunga kwa skurubu za shaba ya njano. Shaba, ndugu zangu, kwenye alumini, kwenye maji ya chumvi! Rangi iliyozizunguka ilikuwa imevimba malengelenge. Nikakwaruza kwa ukucha, ukamwagika unga mweupe mkavu kama chokaa ya tambuu. Nikafuta, nikapuliza, nikatazama: tundu lililotobolewa kupitisha skurubu nyembamba sasa linaingiza ncha ya kidole changu kidogo. Miezi minne tu.

Kwa wasiojua, na hasa mafundi vijana mnaosoma hapa: metali mbili tofauti zikigusana na maji ya bahari yakapita kati yao, umetengeneza betri. Kwenye betri hiyo mmoja lazima aliwe, na alumini ndiye anayeliwa. Akiguswa na shaba analiwa mbio sana. Akiguswa na chuma kisichoshika kutu analiwa polepole, lakini bado analiwa, tena pale pale penye tundu ambapo chumvi inakaa haikauki. Mabaharia wa zamani walipigilia vyombo vyao misumari ya shaba na kazi ikadumu, kwa sababu chombo kilikuwa cha mbao. Ubao haufanyi betri na msumari. Na si skurubu peke yake. Rangi ya kuzuia chaza yenye shaba ndani yake haifai kupakwa kwenye alumini. Hata ubao uliotiwa dawa ya mchwa, dawa nyingi za aina hiyo zina shaba, ukiubana kwenye alumini na ukalowa maji, ni maradhi yale yale.

Kisha nikaona jambo lililoniuma kuliko fimbo. Holda za kuzamisha zina bomba lililo wazi chini. Maji yakiingia yanatoka kwa chini. Kwa faiba pengine chini yake kuna njia ya kuyatoa. Kwangu chini yake ni sanduku la pembeni lililozibwa, lenye sponji ya kuelea. Kila wimbi lililoruka tezi, kila mvua, kila nilipoosha boti, maji yalishukia humo na hayakuwa na pa kutokea. Boti ilikuwa imeanza kukalia tezi tangu mwezi wa kumi na moja, nikadhani ni tangi la mafuta, nikalisogeza mbele. Nilipofungua nilitoa ndoo mbili na nusu za maji yananuka. Sponji yenyewe imelowa, na sponji ile ndiyo iliyowekwa ituokoe siku boti ikijaa maji. Abiria wangu walikuwa wamekaa juu yake. Kuna siku nilibeba baba na watoto wake wawili.

Za pembeni alisema ni "stenlesi halisi". Nilichukua sumaku ya spika mbovu, ikanata kwenye zote. Ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu, na chini ya vitako kutu imeshaanza kula. Mkienda dukani bebeni sumaku. Ikinata kwa nguvu, rudisheni. Isiponata bado ulizeni kama ni 304 au 316, yaani aina mbili za stenlesi, kwa sababu sumaku haiwezi kutofautisha hizo mbili, na ya baharini ni 316.

Hata kuziba alitumia silikoni ile inayonuka siki ikiwa mbichi. Ile ni asidi inayotoka, nayo haitakiwi kwenye metali. Gundi ya baharini ya poliurethani ipo madukani hapa hapa Mombasa.

Nilimwendea. Sikwenda kwa ugomvi, nilikwenda na picha na holda moja kati ya zilizobaki mkononi. Hakuitazama. Akasema, "Mzee, bahari ndivyo ilivyo, samaki alikuwa mkubwa." Nikamuuliza skurubu za shaba ni za nini, akasema ndizo alizokuwa nazo. Ndizo alizokuwa nazo! Nikaomba anirudishie ufundi tu, vifaa nimsamehe. Akasema kazi ikishatoka karakana haina marejeo. Vijana wake wakacheka. Mimi ni mtu mzima, nina mvi, nikageuka nikaondoka kwa sababu ningesema neno.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Angechagua mahali penye taruma, yaani ubavu wa boti, chini yake au angeweka bamba la alumini la milimita 4 au 5 ndani ya ukingo, pana kuliko kitako cha holda, ili mzigo utawanyike. Bolti za 316 zinazopita mpaka ndani, zimevishwa vibomba vya plastiki na washa za nailoni ili chuma kisiguse alumini, mpira mwembamba chini ya kitako, gundi ya baharini, nati za kujifunga. Za kuzamisha angechagua zenye kifuniko chini na bomba la kutolea maji nje. Au angetafuta holda za alumini zichomelewe kwa gesi ya argoni na mtu anayejua, ambaye anajua pia kwamba bati jirani na weldi hulegea kwa moto, kwa hiyo hapabebeshwi mzigo mkubwa bila bamba. Na kama haya yote hayajui, neno "sijui" lingenitosha. Ningemshukuru na kumnunulia chai.

Sasa nitakachofanya. Nina ujumbe wa malipo yote mawili, nina picha za kabla na baada, nina skurubu zenyewe kwenye mfuko wa plastiki. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamtaka anayetoa huduma aitoe kwa kiwango kinachokubalika. Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na hayo yangu hayafiki huko hata nikijumlisha fimbo na rili. Barua ya kumdai nimeshaandika, nampa siku 14.

Ninachowaomba nyinyi ni hiki. Nani anamjua fundi hapa Mombasa, Mtwapa au hata Kilifi anayechomelea alumini nyembamba kwa argoni, na boti yake mwenyewe imeshawahi kupita mkononi mwa fundi huyo? Nitumieni ujumbe wa pembeni, na mniambie mlimwona akifanya kazi gani, si "nasikia ni mzuri". Na kama kuna mwingine aliyefungiwa holda kwa riveti tupu, ashike kitako akitikise leo hii kabla hajatoa watu. Kama kinacheza hata nywele moja, asiweke fimbo humo.

Boti iko juu ya magurudumu nyumbani, sanduku la tezi liko wazi linakauka, nimeliosha kwa maji matamu mara tatu. Jumamosi naanza kung'oa riveti zilizobaki. Anayetaka kuona mashimo hayo kwa macho yake aje kabla ya hapo.