Nyama ya maabara: ikifika Lamu mutakula ama mutasema maiti?

kijana_wa_langoni
Asalam aleikum wazee na wadada. Mimi nachoma mishkaki jioni karibu na ngome, masomo ya sayansi sina kwa hivo mkinicheka nichekeni polepole. Juzi alikuja mgeni anakaa Shela, kijana wa kizungu mpole tu, akasimama pale ananusa moshi dakika tano nzima halafu ananambia yeye nyama hali kwa sababu haezi kula kitu kilichouliwa, lkn kwao kuna nyama inakuzwa maabara bila kuchinja na hio siku ikifika dukani ataila. Nkadhani ananitania. Nkaenda kuuliza barazani baada ya isha, hapo ndo nilijuta, zogo mpaka kahawa ikapoa. Mmoja asema hio ni soya, mwengine asema plastiki kama ule mchele wa WhatsApp, mzee mmoja akasema "hio ni maiti" akainuka akaenda zake kulala.
Sasa nauliza, hii kitu ni nini hasa, ni halali ama si halali, na nyinyi wenyewe ikiwa kwa sinia mutaila? Kila mtu aseme ukweli wake.

seli_moja
Wa aleikum salaam. Nasoma bayolojia huku Kilifi, ntajaribu bila kizungu kingi. Si soya wala plastiki, ni nyama kweli kwa maana seli zenyewe ni za ng'ombe ama kuku. Wanachukua kipande kidogo sana cha mnyama, wanatoa zile seli za kutengeneza msuli, wanazitia kwa tangi la chuma lenye maji ya sukari, chumvi, vitamini na protini, joto liwe kama la mwili, basi zinagawanyika, mbili zinakuwa nne, nne nane. Fikiria hamira kwenye unga wa mahamri, umekanda usiku asubuhi umefura. Tofauti ni kwamba hamira ni rahisi, seli za mnyama zina maringo, bakteria mmoja akiingia tangi lote linamwagwa.
Baga ya kwanza ililiwa London mwezi wa 8 mwaka 2013, aliitengeneza Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht huko Uholanzi, na hio moja tu iligharimu kama euro 250,000, pesa alitoa Sergey Brin wa Google. Haikuwa na mafuta hata chembe, rangi wakaongezea juisi ya bitiruti, walioonja wakasema ladha ya nyama iko lkn kavu. Singapore ndio wa kwanza kuruhusu iuzwe, 2020, Marekani wakafuata 2023. Lkn mgeni wako asiharakishe, 2024 kuna kuku aliuzwa dukani huko Singapore, ya maabara ilikuwa asilimia 3, iliobaki ni mimea. Yaani hata baraza yenu waliosema soya hawakuwa mbali sana 😂

mpishi_mld
Mimi niko jikoni hoteli moja Malindi mwaka wa kumi na moja huu, bosi Mtaliano, wateja Wataliano, hata paka wa pale akiitwa kwa Kiswahili haji. Nlimuuliza bosi hii habari akanitazama kama nimemtukania mamake. Kumbe kwao walipitisha sheria Novemba 2023, ukitengeneza ama ukiuza faini ni euro 10,000 mpaka 60,000, na wakati huo hata dukani haijafika! Wamefukuza mgeni hajabisha hodi. Florida, jimbo moja la Marekani, nao wakafunga 2024. Sababu zao lkn si zetu, wao wanalinda wafugaji wao na mapishi ya bibi zao, hakuna hata mmoja ameuliza nani alishika kisu.
Na tusiwacheke, hapa Kenya GMO, vile vyakula vya mazao yaliobadilishwa jeni, ilipigwa marufuku 2012, serikali ikafungua 2022, kelele zikawa juu mpaka mahakamani, lkn ukimkamata mtu njiani ukamwambia hebu nieleze GMO ni nini anaanza kutafuta simu.

mwana_wa_chuoni
Kijana wa Langoni, mzee wako usimteke, hakukosea mbali. Iko hadithi mashuhuri ya Mtume, kilichokatwa kwa mnyama aliye hai ni maiti. Kwa hivo huyo mgeni akijisifu kuwa hakuna kilichochinjwa, swiswi hapo ndipo tusimamapo. Seli zikitolewa kwa ng'ombe alochinjwa kwa bismillahi hilo ni jambo moya, zikivutwa kwa sindano naye yuasimama ala majani, hilo ni jambo lingine. La pili ni chakula cha hizo seli. Zamani walikuwa watumia maji ya damu ya ndama aliye tumboni, ng'ombe mwenye mimba akichinjwa ndama hukamuliwa damu, na damu haina mjadala kwetu. Kampuni kadhaa zasema zimeacha.
Baraza la Kiislamu la Singapore, MUIS, lilitoa fatwa Februari 2024, kwamba yaweza kuwa halali kwa masharti, seli ziwe za mnyama aliwaye na ndani kusiwe na kitu cha haramu. Hio ni ya kwao. Ya hapa waulize masheikh, mimi si mufti, mimi nimemaliza tu kuswali magharibi nimekuya kubishana.
Ila lanitekesha hili: mgeni ataka isichinjwe ndipo ale, swiswi twataka ichinjwe ndipo tule, na tangi ni moya.

bucha_ya_babu
Wasomi mumesema. Mimi bucha Malindi, kazi nimeiona kwa babangu naye kwa babake. Mteja wangu haniulizi habari ya seli, aniuliza "leo umechinja lini" halafu ananitazama usoni, muhuri wa daktari anauona lkn anachosoma ni uso wangu. Mwanzo wa 2007 ile homa ya Bonde la Ufa ilipotoka Garissa ikashuka Tana mpaka huku kwetu, ndoano zilikaa tupu, watu wote wamehamia samaki, na ukiapa nyama yako safi nani anasikia. 2019 ikatoka kwa TV kwamba supamaketi za Nairobi zinatia nyama dawa isibadilike rangi, basi watu wakarudi kwangu mbio mbio hata wale wenye madeni. Na nyinyi wa Lamu maneno ya nyama ya punda nyinyi ndo mwayajua zaidi, sisemi kitu.
Sasa nyama haina mfupa, haina ngozi, kichwa haina, kwato haina, mtu akitaka kujua ni ng'ombe kweli mimi ntamuonyesha nini? Karatasi? Mimi siili na siuzi. Ingawa ntasema ukweli, ule ukame wa 2022 nlikuwa naletewa ng'ombe unaweza kuhesabu mbavu umesimama ng'ambo ya barabara, na usiku nkifunga bucha nlikuwa nafikiri mambo mengi.

mama_wa_sambusa
Ni kima ama na steki pia?

seli_moja
Kima ndio rahisi, ma. Steki ina nyuzi na mafuta na mishipa, kupanga yote hayo ndo kazi kubwa. Supu ya mifupa sahau kabisa.

mama_wa_sambusa
Basi mimi naila na nauza pia, masheikh wakishasema sawa na bei ikiwa chini. Kima ikishaingia kitunguu, dania, bizari na pilipili hakuna ataejua, hata wewe bucha. Lkn pilau ya maulidi siitii, watu wakijua nitasemwa mpaka Matondoni.

bucha_ya_babu
@mama_wa_sambusa ndio maana mimi nasaga kima mteja akiona 😀

mvuvi_wa_mkondoni
Samaki jee?

seli_moja
Samaki pia wanatengeneza. Marekani waliruhusu salmoni 2025, imeanza kuuzwa mkahawani.

mwana_wa_chuoni
Na samaki hachinjwi, maiti ya bahari ni halali. Kwa hivo mushkili wa kisu hapo hauko, kumebaki chakula cha seli tu.

mvuvi_wa_mkondoni
Subiri kwanza. Yaani ng'ombe ana kisu cha kumlinda, bucha ana uso wake, Mtaliano ana sheria, mimi mvuvi ndo nimebaki wazi? Mafuta ya mashine juu, samaki wamekimbilia mbali, na sasa tangi.

kijana_wa_langoni
Pole ami. Shukran wote, ntawasomea barazani leo, mzee atafurahi. Ila niwaambie, yule mgeni jana alirudi akaagiza changu wa kuchoma, mzima na kichwa chake. Nkamwambia huyu naye aliuliwa asubuhi, nlimuona. Akasema samaki si nyama.