Tupeane uzoefu: kijana kamaliza chuo, yupo tu nyumbani

Wakuu, kijana ana miaka 24 na kuendelea, anaamka saa tano, sahani anaiacha mezani, ukimgusa nyumba nzima haikaliki. Nini kifanyike, kwa utaratibu gani? "Muombeeni" tumeshaisikia.

Mama Wawili: Anzeni wazazi wawili, chumbani. Baba akikata hela ya bando huku mama anamrushia elfu mbili kwa simu, hapo hakuna sheria. Mkishaelewana ndipo mmuite, pamoja na baba mdogo au mjomba anayemheshimu. Isiwe mbele ya wadogo zake. Mtu aliyeaibishwa hasikii kitu.

Mpiga Rangi: Hiyo "saidia saidia nyumbani" haina kichwa wala miguu. Mwambieni: pipa la maji lijae kabla ya saa moja asubuhi, na siku akianza kupata chochote, LUKU (umeme) ya 5,000 kila wiki mbili ni yake kulipa. Kiasi kiwe kidogo ila kisisamehewe. Mkisamehe mara mbili, imekwisha.

Karani: Kabla ya kumuita mvivu kagueni makaratasi. Ajira Portal, mfumo wa serikali wa kuombea kazi, inataka namba ya NIDA, barua iliyosainiwa na vyeti vyenyewe vilivyothibitishwa. Karatasi ya matokeo ya kidato cha nne haipokelewi. Wengine cheti kimeshikwa chuoni kwa deni la ada na wanaona haya kusema. Muulize taratibu.

Spana 13: Pikipiki msimpe bure. Leseni daraja A kwanza, bima, kofia mbili, halafu alete hesabu (hela ya siku) kila siku kama dereva mwingine yeyote, na sehemu yake iwekwe kando kwa ajili ya oili, tairi, cheni na sproketi. Ya bure hufa kwenye spea: cheni ikilegea hakuna akiba, inaegeshwa ukutani. Kwa ufundi, akae wiki tatu kwa fundi wa mtaani kabla hamjalipa ada ya chuo cha ufundi VETA. Mkimchagulia umeme wa magari kwa sababu wa jirani kafanikiwa, ada mmeitupa.

Karani: Naongeza: mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa vijana, hauna riba ila ni wa kikundi. Asiyeamka atawaponza wenzake.

Mama Wawili: Na kama hali chakula, haogi, hata kuonana na rafiki zake hataki, wiki mbili zimepita, acheni vikao. Mpelekeni hospitali ya wilaya aonwe. Mkeka (kubeti) nao uchunguzeni: mara nyingine anayelala mchana anakwepa simu za wanaomdai.