Kombi iliyoshushwa: tairi na shokamzoba zipi?

Swali: Ndugu zangu, nina Volkswagen Kombi ya 1973 hapa Uingereza, yenye kitanda na jiko, ambayo mwenyewe wa awali aliishusha (bodi ikae karibu na ardhi) na kuivalisha tairi za 185/65R14 zenye namba ya uzito 86. Nikipita kwenye tuta, tairi za mbele zinakwaruza bodi. Nianzie wapi?

Jibu: Anza na tairi, mkuu. Namba 86 ni kilo 530 kwa tairi moja, yaani kilo 2,120 kwa zote nne, na Kombi yenye makabati, maji na abiria huweza kuvuka hapo. Ukipata ringi za inchi 15, tairi ya 185/60R15C (C ni ya magari ya mizigo) yenye namba 94 hubeba kilo 670, na kimo chake karibu ni kilekile.

Jibu: Naongezea. Mbele, spindo za kushushia (vyuma vinavyoshika magurudumu, vilivyotengenezwa ili gari likae chini) huacha mchezo wa springi jinsi ulivyokuwa, hivyo shokamzoba za urefu wa kawaida hutosha. Nyuma, vyuma vinavyojinyonga, ambavyo ndivyo springi zake, huzungushwa jino kwa jino ili kuishusha. Ukizidisha, magurudumu huinamia ndani na tairi huliwa upande mmoja.

Muulizaji: Kumbe! Za nyuma zimelika ndani hadi nyuzi zinaonekana.

Jibu: Basi usiiendeshe Kombi kabla hujazibadilisha tairi hizo.