Mjadala: Kompyuta ya zamani yenyewe, au emyuleta?

Mwana_Ngamiani
Wadau, habari za jioni. Kikundi chetu cha vijana hapa Tanga tumepata chumba, tunataka watoto wa shule waone kompyuta zilikotoka. Kuna bwana anarudi kutoka Ujerumani na Commodore 64 pamoja na diski draivu yake, yuko tayari kutuuzia. Nusu ya wanachama wanasema tuinunue. Nusu wanasema pesa hiyo hiyo ichukue laptopu mbili za mtumba, tuweke VICE, ile emyuleta ya bure, yaani programu inayoiga mashine hiyo. Pesa ni ya michango, kwa hiyo naomba hoja.

fundi_lehemu
Nunueni kitu chenyewe. Mashine ya 1982, kumbukumbu kilobaiti 64, ukiwasha swichi iko tayari hapo hapo. Mtoto akibonyeza vile vitufe vinene anajua ameshika kompyuta. Emyuleta ni picha ya pilau. Anayecheza kwa emyuleta hajacheza, ametazama tu.

Sele_K
"Hajacheza, ametazama tu." Fundi, hapo umenigusa pabaya. Mimi BASIC, ile lugha ya kuandikia programu, nimejifunzia kwenye VICE, kwa laptopu ya kuazima, usiku watu wamelala. Nikaandika amri POKE 53280,0 nikabonyeza Enter, ukingo wa skrini ukawa weusi. Nikaweka 2, ukawa mwekundu. Nani alikuwa anatazama hapo? Aliyenifundisha ni hiyo programu unayoidharau, na hakuna aliyenidai shilingi.

fundi_lehemu
Sele, sauti je? Ile chipu ya sauti, SID, aliyoibuni Bob Yannes, vichujio vyake ni vya analogi. Chukua SID mbili za toleo la 6581, kiwanda kimoja, zote nzima: hazilii sawasawa. Emyuleta itaiga ipi kati ya hizo?

Sele_K
Umejibu swali ambalo sikuliuliza.

Mama_Zai
Nyie wawili, mwenzenu ameuliza pesa ya michango. Mwana Ngamiani, mwanangu, uliza kwanza habari ya adapta. Zile za asili ndani zimejazwa gundi ngumu, hazirekebishiki kirahisi. Ikichoka, zile volti 5 zinapanda, chipu za kumbukumbu zinaungua, na mashine umeshailipia. Na nyie mko pwani. Chumvi ya hewa inakula miguu ya chipu kimya kimya. Aliyeitunza Ujerumani hakuwa na bahari dirishani.

jamaa_wa_Luthuli
Nikiongezea kutoka Nairobi: shukuruni sana ni ya Ujerumani. Umeme wa kule unafanana na wetu na picha yake ni PAL, mfumo wa TV wa huku kwetu. Mimi niliuziwa ya Marekani bila kuambiwa. Inataka volti 110, na picha ni NTSC, mfumo wa TV wa kule Marekani. Nilitafuta transfoma ya kushusha umeme, na bado TV yangu ikaonyesha picha inayopanda na kushuka, haina rangi.

Kibopa_Jr
Lakini NTSC ndiyo gemu halisi. Huku kwetu gemu zote zilikuwa zinakwenda polepole, picha 50 kwa sekunde badala ya 60. Tumekua tukisikiliza muziki uliopunguzwa mwendo na hatujui.

jamaa_wa_Luthuli
Si kwa hii, mkuu. Za Nintendo, sawa, nyingi zilitengenezwa kwa 60. Za Commodore 64 nyingi ziliandikwa Ulaya kwa 50. Ukizipeleka Marekani huko ndiko zinakokimbia.

Kibopa_Jr
Kwa hiyo masikio yangu yananidanganya?

jamaa_wa_Luthuli
Masikio yako sijayataja. Nimetaja 50 na 60.

fundi_lehemu
Wote mnasahau TV. Bila TV ya chogo hizi gemu hazina ladha. Zile bapa zinachelewesha picha, unaruka na shimo limeshakumeza. Tafuteni chogo moja kabla wanunua skrepa hawajaimaliza Tanga nzima. Ikiwa haionyeshi vizuri, fungueni nyuma, safisheni vumbi, kuna skrubu za kurekebisha.

Mama_Zai
Fundi! Unaandikia kikundi cha watoto. Nyuma ya ile skrini ya rangi kuna volti zaidi ya 20,000, na inabaki na umeme hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Futa hayo maneno.

fundi_lehemu
Nimefungua TV nyingi kuliko milango. Unatoa chaji kwanza, kuna utaratibu wake.

Mama_Zai
Utaratibu unao wewe. Mtoto wa darasa la tano ataupata wapi? Ulivyoandika ni "fungueni nyuma, safisheni vumbi". Chaji hukuitaja mpaka nilipopiga kelele.

Mwana_Ngamiani
Samahanini wakubwa, nimeongea na yule bwana leo. Anasema draivu haiji tena, mzigo umemzidi. Bei ni ile ile. Atatupa kaseti draivu na kaseti chache.

jamaa_wa_Luthuli
Bei ile ile bila 1541, hiyo diski draivu? Mwambie apunguze. Ile draivu ni karibu kompyuta ya pili, ina prosesa yake ya 6502 ndani. Na kaseti, gemu moja unangoja dakika kadhaa. Darasa zima litakuwa limetoka nje kucheza mpira.

fundi_lehemu
Hilo dogo. Nunueni SD2IEC, kibao kidogo cha saketi kinachochomekwa pale pa draivu, mnaweka gemu kwenye kadi ya kumbukumbu kama ya simu. Mimi ndiyo ninayotumia. Baadhi zenye mbinu zao za kupakia haraka zitagoma, nyingine nyingi zinakwenda.

Sele_K
Subiri. Kadi ya simu inajifanya draivu ya Commodore, na mashine inaamini. Hiyo kwako si emyuleta?

fundi_lehemu
Kadi inabeba data tu. Anayefanya kazi ni prosesa ile ile ya zamani.

Sele_K
Amesema jamaa hapo juu kwamba draivu ina prosesa yake. Hiyo umeitoa, ukaweka kitu cha kisasa kinachoiigiza, na ndiyo sababu baadhi ya gemu zinagoma. VICE inaiga hiyo 1541 pamoja na prosesa yake, na hizo gemu zako zinazogoma zinafunguka kwangu. Sasa Mwana Ngamiani aambiwe ukweli kabla ya kutoa pesa ya watu: hiyo mashine bila draivu, atawaonyesha watoto nini siku ya kwanza?

Mama_Zai
Hilo ndilo swali. Fundi, lijibu, na lile la TV bado hujalifuta.