Natafuta baiskeli ya fiksi ya bei nafuu kwa mizunguko ya Dar, naombeni ushauri

Mwana_Sinza

Wakuu, heshima kwenu.

Naishi Sinza, kazi yangu iko Posta. Nimechoka na foleni, na baiskeli naipenda toka utotoni, kwa hiyo nimeamua kurudi kwenye pedeli. Moyo wangu umeangukia fiksi, zile ambazo gurudumu la nyuma likizunguka na pedeli zinazunguka, hakuna kuachia miguu ipumzike. Ni nyepesi, haina gia za kuhangaika nazo, haina waya lukuki.

Bajeti ni laki tatu na nusu, nikijikamua sana laki nne. Nimeshaona mbili. Ya kwanza ni fiksi kamili inayouzwa mtandaoni, fremu nyekundu, ringi za kupendeza, ila haina breki hata moja. Muuzaji anasema fiksi haihitaji breki, unazuia kwa miguu. Ya pili ni ya mtumba kutoka Japani, fremu ya chuma, ya zamani, ina gia. Hii fundi wa mtaani kwetu anasema ataigeuza iwe fiksi kwa kuchomelea friwili, lile gurudumu la meno la nyuma linalokuruhusu kupumzisha miguu.

Njia yangu ni Shekilango, naingia Morogoro Road, Magomeni, Jangwani, Fire, hadi Posta. Nichukue ipi?

Kijiwe_Cha_Baiskeli

Ya pili. Lakini friwili isichomelewe, tafadhali sana. Wajuzi watakueleza.

DadaPedeli

Karibu barabarani kaka. Mimi naanza na hilo la breki kwa sababu ndilo linaloniuma.

Ukizuia kwa miguu unazuia gurudumu la nyuma peke yake. Baiskeli inapopunguza mwendo, uzito wako unahamia mbele, la nyuma linakuwa jepesi na kuanza kuteleza. Nguvu kubwa ya kusimama iko gurudumu la mbele, na huko miguu yako haifiki. Sasa fikiria unatoka Magomeni unateremka kuelekea Jangwani, pedeli zinakuvuta miguu kwa kasi, halafu bodaboda inakatiza. Mnyororo ukichomoka hapo huna chochote cha kukusimamisha.

Kwa hiyo kabla hujatoa hela kwa ile nyekundu, inama uangalie uma wa mbele, pale juu ya tairi. Kuna tundu la kufungia breki? Baadhi ya fiksi za bei rahisi zimetengenezwa kwa muonekano na hazina tundu hilo. Kama halipo, achana nayo, maana utalazimika kununua uma mwingine na bajeti itakuwa imekwisha.

FundiSpoku

Habari za jioni. Kijana wangu, nimeshika spana muda mrefu, wacha nikueleze taratibu.

Naunga mkono ya mtumba. Fremu za zamani za chuma ni ngumu na zinavumilia. Chuma kikipinda kidogo kinanyooka, ufa ukitokea unachomelewa. Lakini si kila fremu inafaa fiksi. Nenda nyuma, angalia mahali ekseli ya gurudumu inapokaa. Mwanya wa ekseli ukiwa umelala, yaani unaweza kulisogeza gurudumu mbele na nyuma, nunua. Mwanya ukiwa umesimama, gurudumu linaingia kutoka chini na kukaa sehemu moja tu, iache. Baiskeli ya gia ina kile kidude cha nyuma cha kukaza mnyororo. Fiksi haina. Mnyororo unakazwa kwa kuvuta gurudumu zima nyuma, na mwanya uliosimama haukuruhusu.

Sasa friwili. Kuichomelea kunafanya kazi siku ya kwanza, ndiyo maana mafundi wengi wanapenda. Shida yake ni hii. Friwili imefungwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa nyuzi za kulia, zile za kukaza kwa kuzungusha kulia. Unapokanyaga kwenda mbele inajikaza yenyewe. Unapokanyaga kurudi nyuma ili kusimama, unaifungua. Siku utakayokanyaga kwa hofu, kwa nguvu zako zote, ndiyo siku itakayozunguka bure na kuachia. Na kama joto la kuchomelea limefika kwenye habu, hata gololi huziamini tena.

Habu halali ya fiksi ina ngazi mbili za nyuzi. Ngazi ya kwanza ni ya kulia, hapo inakaa sproketi, yaani meno ya nyuma ya fiksi. Ngazi ya pili ni ndogo kidogo na nyuzi zake ni za kushoto, hapo inakaa nati bapa ya kuibana sproketi. Sproketi ikitaka kufunguka inaisukuma ile nati, na nati kwa kuwa ni ya kushoto inazidi kukaza. Ukipewa habu yoyote, ichunguze kwa macho na upitishe kucha. Ukikuta ngazi moja tu, hiyo ni habu ya friwili. Sproketi ya fiksi itaingia vizuri kabisa kwenye nyuzi zile, na hapo ndipo watu wanapodanganyika.

Hela yako igawe hivi: baiskeli nunua ya bei ya chini kabisa unayoipata yenye fremu nzima, kinachobaki kiweke kwenye gurudumu la nyuma. Rangi utapaka baadaye.

Mwana_Sinza

Shikamoo mzee wangu, umenifungua macho. Jioni hii nimeenda kuiangalia tena ile ya mtumba. Mwanya wa ekseli umelala, na uma wa mbele una breki yake. Nimepima kwa rula ndani ya uma wa nyuma, napata kama milimita 126. Habu ya fiksi itaingia?

FundiSpoku

Marahaba. Hiyo ni saizi ya fremu za zamani za gia sita au saba. Habu ya fiksi kwa kawaida ni milimita 120, unaweka washa ya milimita 3 kila upande kwenye ekseli, basi. Hakikisha tu ekseli ni ndefu ya kutosha, nati zishike nyuzi zote. Mnyororo kutoka mbele hadi nyuma uwe kwenye mstari mmoja. Simama nyuma ya baiskeli, funga jicho moja, utauona ukienda upande.

Wa_Tanga

Mimi nina mawazo tofauti. Kwa nini fiksi hasa? Gia moja yenye friwili inakupa wepesi ule ule na haina waya za gia. Kwenye matuta unasimamisha pedeli, unainuka, unapita. Fiksi kwenye tuta pedeli zinaendelea kukuzungusha, na kwenye kona kali pedeli ya ndani inaweza kugonga lami ikakunyanyua gurudumu. Huku kwetu Tanga kila mtu anaendesha baiskeli na fiksi sijaiona.

DadaPedeli

Hoja yako ya matuta na kona ni ya kweli ndugu yangu, anayeanza aijue. Lakini fiksi ina raha yake kwenye foleni. Unaweza kwenda polepole kabisa nyuma ya bajaji bila kuweka mguu chini, kwa sababu unaongoza mwendo kwa miguu mbele na nyuma.

Na kaka wa Sinza hahitaji kuchagua leo. Zipo habu zenye nyuzi pande zote mbili, upande mmoja sproketi ya fiksi, wa pili friwili. Ukitaka kubadilisha unafungua nati mbili, unageuza gurudumu. Hata Tour de France, kabla gia za kubadilisha kwa waya hazijaruhusiwa mwaka 1937, wapanda baiskeli walikuwa wanasimama na kugeuza gurudumu la nyuma wanapofika mlimani. Kaka aanze na upande wa friwili na breki zote mbili, aizoee njia, kisha ahamie fiksi siku za Jumapili barabara zikiwa tupu.

Mwana_Sinza

Hii nimeipenda sana. Nimepata habu ya pande mbili kwa bei inayoniingia. Meno je? Mbele nina 44. Muuzaji wa habu ana sproketi za 16, 17 na 18.

DadaPedeli

Ya 16 itakupeleka karibu mita 5.9 kwa kila mzunguko wa pedeli, kwa tairi ya 700x28. Ukizungusha mara 80 kwa dakika ni kama kilomita 28 kwa saa, na kuanza kila kwenye taa kutakuchosha magoti. Ya 18 ni kama mita 5.2, mwendo wa kilomita 25 kwa saa. Kwa mjini ningechukua 17 au 18. Kupanda kutoka Jangwani kurudi Magomeni jioni utashukuru.

Kuna jambo la pili. Ukizoea kuburuza tairi ili kupunguza mwendo, 44 kwa 16 itakula tairi sehemu nne tu zile zile, kwa sababu namba hizo zote mbili zinagawanyika kwa nne. 44 kwa 18 ni sehemu tisa, 44 kwa 17 ni kumi na saba. Tairi linadumu.

Kijiwe_Cha_Baiskeli

17.

Mwana_Sinza

Nachukua 17 na friwili ya 18 upande wa pili. Kesho naenda kuilipia ile ya mtumba. Asanteni sana wote. Kuna kingine cha kuangalia kabla ya kuanza kuiendesha?

FundiSpoku

Suruali ikunje mguu wa kulia, au ufunge kwa mpira. Kamba za viatu ziingize ndani. Kikinaswa kitu kwenye friwili unaacha kukanyaga, kwenye fiksi kinaendelea kuvutwa.

Na hili mwambie pia fundi wako na watoto nyumbani: mnyororo wa fiksi haufutwi kwa tambara huku gurudumu linazunguka. Tambara likishikwa, kidole kinakwenda nalo kwenye meno ya sproketi, na gurudumu halisimami kwa sababu lina uzito na mwendo wake. Watu wamepoteza vidole hivyo. Simamisha, futa kipande, sogeza kwa mkono, futa kingine. Mnyororo uwe na mchezo wa kama sentimita moja katikati, juu na chini. Ukikaza zaidi ya hapo utasikia unalia, gololi zitaumia. Ukilegea zaidi utachomoka.

Ukishaifunga, piga picha ya habu upande wa nati ya kubana, uiweke hapa tuione kabla hujaipeleka Morogoro Road.