MEZA YA WATU NANE (kikundi cha Ukoo Wetu)

Ijumaa, 18:41

Dada Mkubwa: Haya wapendwa narudia tena maana naona tiki za buluu na kimya. Ule mgahawa wa menyu ya kuonja nimepata meza ya watu nane Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa moja jioni. Wametushikia mpaka saa sita usiku LEO. Naomba majina

Dada Mkubwa: Na sio ya kulipa ukifika. Unakata tiketi kabisa kama unaenda mpirani, usipotokea hela imeenda. Unaweza kumpa mtu mwingine tiketi yako ila hairudishwi

Kitindamimba: mimi nipo 🙋🏽

Binamu: kuonja tu? tukishaonja tunaenda kula wapi 😂😂

Mjomba: 😂😂😂

Dada Mkubwa: Binamu acha. Ni sahani kumi na mbili, ndogo ndogo, zinakuja moja moja kwa masaa matatu, mwisho mwenyewe utalegeza mkanda. Kila msimu wanabadilisha mada na kila kitu kinafuata mada, vyombo, muziki, mpaka harufu ya ukumbini. Msimu huu mada ni BAHARI

Kitindamimba: ni kama mgahawa wa Next wa Chicago, ilifunguliwa 2011, menyu ya kwanza ikaitwa Paris 1906, wakapika vya enzi za Escoffier, yule mpishi maarufu wa Kifaransa, baada ya miezi michache wakafuta yote wakahamia Thailand. na kwa bahari kuna mgahawa wa Fat Duck wa Uingereza, unaletewa kombe la baharini ndani lina iPod, unaweka spika masikioni unasikia mawimbi huku unakula 🌊

Binamu: mi nataka Dans le Noir ya Paris, unakula gizani totoro na wahudumu wenyewe hawaoni. Mjomba atamaliza zake na zetu

Mjomba: Mimi hata taa ikiwaka namaliza zenu 😂

Binamu: 🤣🤣🤣 mjomba huyo

Dada Mkubwa: Jamani MAJINA. Niwaambie kwanini nasumbua. Meza nzima inakula menyu moja, hakuna cha mimi nataka hiki yeye kile, jikoni wanahesabu meza sio mtu, mmoja akinyanyuka kwenda chooni sahani za wote zinasubiri maana zinawekwa mezani kwa pamoja, na vingine povu lake linakaa dakika moja tu limeshashuka, kwahiyo wale wa "nipo njiani" kumbe bado unaoga niambieni mapema nimpe tiketi mwingine. Na hicho ndo nilichokipendea. Hakuna wa kula mbiombio akaondoka. Tangu msiba wa Babu hatujakaa hivyo na Bibi hata mara moja

Dada Mkubwa: Na mizio yote wanataka kuijua masaa 72 kabla

20:15

Mama Pacha: Shikamooni wakubwa, ndo nashika simu. Bahari??? Na Baba Pacha je

Dada Mkubwa: Mdogo wangu nimeshawauliza, wanasema wakijua mapema watampikia za kwake

Mama Pacha: Za kwake zipi dada wakati mada yenyewe bahari, supu imechemshwa na maganda ya kamba, mafuta yale yale, kisu kile kile. Mtu mwenye mzio sio lazima ale kamba mzima, mchuzi ulioguswa na mwiko tu unatosha. Masaa matatu nakaa namwangalia mume wangu midomo, chakula kitashuka saa ngapi. Na ile harusi mnaikumbuka wote. Macho yamefunga kwa kuvimba, mtu anasema anadeka, anataka aangaliwe yeye badala ya bibi harusi

Binamu: duh

Binamu: kwani kuna aliyeona chaja yangu jumapili ile

Mama Pacha: Binamu sio sasa hivi

Mjomba: Yale yalishapita. Tusichanganye ya zamani na mambo ya furaha

Mama Pacha: Kwako yalipita mjomba

20:58

Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti 1:47

Kitindamimba: nawaandikia wasio na bando. Bibi anasema: "Nimewasikia. Miguu yangu mnaijua, lakini masaa matatu nitakaa kama wote mmekaa. Chakula anachokiogopa mmoja wenu mimi sitakitia mdomoni. Na wewe mwanangu, siku ile kichwa cha Baba Pacha nilikipakata mimi kwenye gari mpaka hospitali. Lile neno ulilisema mbele za watu. Pole yako sijaisikia mpaka leo."

21:40

Mjomba: Ujumbe huu umefutwa

Mjomba: Nimekusikia mama.

Dada Mkubwa: Shikamoo Bibi. Tumekusikia. Nimewapigia sasa hivi, bahari inaisha mwezi ujao, inayofuata ni BUSTANI, mboga, matunda, maua, hakuna kitu cha maji ya chumvi. Tiketi zake hazijafunguliwa, zikifunguliwa zinakwenda siku hiyo hiyo kwahiyo mtu akae na simu. Ila hii ya leo bado wanasubiri jibu langu. Mnaotaka bahari nendeni, mimi Bibi simwachi

Kitindamimba: bustani, mimi na Bibi

Binamu: sahani kumi na mbili za majani?? sasa mwenye mzio ni mimi 😂

Dada Mkubwa: Binamu upo au haupo

Binamu: nipo nipo

Mama Pacha: Bustani sina neno. Ila aseme Baba Pacha mwenyewe, yuko zamu mpaka asubuhi

Mjomba: Nitampigia akitoka.

Mama Pacha: Mpigie saa tatu, akishapumzika

23:52

Shemeji: Jamani nilikuwa naendesha, nakuta meseji kibao. Bahari mimi na mwenzangu tupo, nitume hela kwa nani?

Dada Mkubwa: Shemeji panda juu usome kwanza